Sita na Tisa

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, vidole havijachoka kusuka na mdomo haujachoka kutania wateja. Wasalimie Baba na Mama, na Babu umbane shavu kwa niaba yangu. Mimi mzima, isipokuwa koo.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Jibu unalo mwenyewe. Mara ya mwisho nilipokupigia ulikuwa na kichwa cha mke wa kinyozi mkononi, na kabla sijamaliza habari za bosi wangu nikamsikia mama wa watu akisema, "Mwambie amjibu!" Mimi simu yangu haihitaji kuwekewa sauti ya nje. Kwa hiyo mambo ya siri yatakuja kwa njia hii.

Siri yenyewe ni kazi. Baba alihangaika sana kunipatia nafasi hii, akamwandikia mwanafunzi wake wa zamani aliye mkubwa hapa kwenye kampuni ya bima, kwa hiyo usimwambie hata neno. Niko masjala. Ni chumba kirefu cha ghorofa ya pili, makabati ya chuma pande zote na madirisha juu kabisa, karibu na dari. Jalada linaombwa, unalitafuta, unaandika nani kalichukua, linarudi, unalirudisha mahali pake. Si kazi ngumu. Shida ni kile kibao cha ukutani, KIMYA TAFADHALI, na upande wa pili wa ukuta huohuo ni chumba cha mikutano.

Wiki ya kwanza nilimuuliza mwenzangu wa meza ya jirani kama jalada la ile nyumba iliyoungua limesharudi. Nilimuuliza kawaida tu, Shangazi, wala sikupiga kelele. Mkutano mzima ukanyamaza. Mlango ukafunguka, mkurugenzi mwenyewe akachungulia, akaniambia, "Bado, liko huku mezani kwetu." Nilitamani kujifungia kabatini.

Mkuu wa masjala ni mama mmoja anayezungumza utadhani kuna mtoto amelala ndani ya kila kabati. Hanigombezi. Ananitazama tu na kusema, "Binti, sauti." Basi nimejifunza kunong'ona. Nanong'ona mchana kutwa, na jioni koo linawaka moto. Mwisho wa Juni kipindi cha majaribio kinakwisha, na mama huyu ndiye atakayesema nibaki au nirudi nyumbani.

Tangu utoto wangu mnaniita Kipaza, na kila mtu ameshaniambia nipunguze sauti: Baba, Mama, wewe, wateja wako, mpaka muuza mkaa. Kasoro Babu. Babu hajawahi hata siku moja. Nimemkumbuka mno. Hebu muulize lile gauni langu alilolikata kabla sijaondoka litakuwa tayari lini.

Mwanao,
Kipaza


Tarehe 20 Februari

Kipaza wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisomea stoo katikati ya chupa za mafuta ya nywele, nimecheka mpaka wateja wakadhani nimeanguka. Mke wa kinyozi bado anauliza kama ulimjibu yule bosi. Nimemwambia ulimjibu, ila kwa kunong'ona, na hajaridhika.

Huku tuko salama. Mama yako amepona mafua. Baba yako, kaka yangu mpenda sifa, shule yake imepata madawati mapya na sasa kila mgeni lazima apelekwe akayakalie. Anatembea kifua mbele mtaa mzima: "Binti yangu yuko bima." Ukimsikia utafikiri kampuni ni yako. Kwa hiyo kaza roho, mama. Kunywa maji ya uvuguvugu na asali. Kazi zote za mwanzo zina pilipili yake. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilimsuka bibi harusi upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka, na leo anamleta binti yake kwangu.

Babu yupo. Anakusalimu. Juzi nilimwita kutoka saluni, yeye yuko kwenye cherehani yake nyuma ya ukuta: "Baba, saa ngapi?" Akanijibu, "Mbili, ila ya barazani imeungua." Na ilikuwa saa kumi jioni! Tumecheka saluni nzima mpaka nikapoteza mstari wa msuko. Uzee una vituko vyake.

Gauni subiri kidogo. Babu ana shughuli nyingi.

Shangazi yako


Tarehe 14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, na pole na wateja. Mpe Mama pole ya mafua. Madawati ya Baba nitayakalia nikija, na nitayasifia.

Asali nimekunywa mpaka nyuki wananijua. Koo halikukoma, nikaenda kliniki ya masikio, pua na koo, iliyo mtaa wa pili kutoka hapa kazini. Daktari akanimulika mdomoni, akasema, "Koo lako zima kabisa. Unafanya kazi gani?" Nikanong'ona, "Masjala." Akasema, "Ndiyo hiyo. Kunong'ona kutwa kunakwaruza koo kuliko kuimba. Ongea kama ulivyozoea." Nikajiuliza niongee wapi, nikiwa juu ya paa?

Lakini ngoja nikueleze ya kabla ya hapo. Pale nje ni ukumbi mrefu, mabenchi mawili yanatazamana, wamejaa wazee. Binti wa mapokezi anaita majina huku kainamia karatasi zake, kasauti kembamba, na wanaoitwa wamekuja kwa sababu gani? Kwa sababu hawasikii! Anaita, hakuna anayeinuka, anampita, anaita mwingine. Mzee mmoja kavaa koti safi alikuwa ameshapitwa, na bado amekaa kwa adabu na kofia yake magotini. Nikashindwa kuvumilia. Nikainuka, nikaenda nikasimama mbele yake, nikasubiri anitazame, nikamwambia, "Mzee, zamu yako imefika." Akaruka kama kijana. Basi nikaendelea. Binti anaita, mimi naenda, nasema, mtu anainuka. Tukamaliza benchi zima.

Mlango wa mwisho ukafunguka, akatoka bibi mmoja mfupi aliyevaa koti jeupe, miwani imening'inia kifuani. Huyo ndiye mtaalamu wa kupima masikio. Pale wanamwita Bibi Masikio, na yeye mwenyewe anaitika. Akauliza, "Nani anayeongea?" Nikasema, "Ni mimi, samahani sana." Akasema, "Samahani ya nini?" Akaniambia nipite Jumamosi ninywe chai. Sijui ananitakia nini.

Umenijibu kila kitu isipokuwa gauni. Babu ana shughuli gani, Shangazi? Wateja wake wamezidi?

Kipaza


Tarehe 2 Aprili

Kipaza,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Ni msimu wa harusi, nasuka nikiwa nimesimama, nalala nikiwa nasuka. Tena leo baba yako yuko hapa sebuleni, anazunguka, kwa hiyo nitaandika machache.

Chai za watu usizowajua usizinywe ovyo. Wewe shughulikia majalada. Mama yako anasema ule vizuri.

Babu yupo. Anakusalimu.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu, nawe unajua mimi na kimya hatujawahi kuwa marafiki. Ni kwamba nilikuwa na jambo, sikujua nilianze wapi.

Chai ya Bibi Masikio niliinywa. Na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena, na iliyofuata. Sasa ninafanya kazi pale kila Jumamosi na nilikuwa nakuficha. Mwanzoni nilikuwa naita watu tu. Kisha akanikalisha chumbani mwake, chumba kidogo chenye kuta za sponji, mtu anavaa vipokea sauti masikioni, anasikiliza milio na maneno na kurudia anachosikia. Mimi nawaeleza wazee namna ya kufanya. Wakishapata mashine zao za masikio, nawafundisha kuziwasha, kuzisafisha, kuzizoea. Mzee wa koti safi alipovaa yake alisikia soli za viatu vyake zikikwaruza sakafu, akasimama, akaanza kutembea huku na huku ukumbini anajisikiliza. Nililia, nikaenda kujificha kwenye chumba cha mifagio.

Siku moja Bibi Masikio akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikasema hakuna, nimezaliwa na domo hili. Akacheka. Akasema, "Kelele kila mtu anazo. Wewe huanzi kuongea mpaka mtu akutazame. Unasimama penye mwanga. Unatamka neno mpaka mwisho wake. Hiyo huwa nawafundisha watu mwaka mzima na wengine hawaishiki." Shangazi, mimi sikujua kwamba nafanya hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Julai wanaanza mafunzo ya upimaji masikio palepale kliniki, unasoma huku unafanya kazi, na amenishikia nafasi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Juni. Na masjala nako, hutaamini, mkuu wangu ameridhika nami. Ameniambia, tena kwa kunong'ona, kwamba atapendekeza niajiriwe moja kwa moja. Nimekuwa mnong'onaji hodari. Nikitoka jioni nanong'ona dukani, nanong'ona hata nikiwa peke yangu chumbani. Juzi nimecheka bila sauti, nikaogopa.

Milango yote miwili iko wazi, na nyuma ya mmoja amesimama Baba na kifua chake mbele. Nitamwambia nini? Kwamba naacha bima niende kuwaambia wazee zamu zao zimefika? Nakuomba uzungumze naye. Mtu anayemwogopa ni wewe tu.

Na jingine. Umeniandikia mara mbili, "Babu yupo." Kiti pia kipo, Shangazi. Niambie ukweli.

Kipaza


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena. Sijui nianze na furaha au na lile lingine. Nianze na lile lingine, maana umelidai.

Babu hashoni tena. Gauni lako liko palepale mezani, limekatwa, halina mikono.

Ilianza Februari hiyohiyo uliponiuliza. Mke wa kinyozi alileta kitambaa cha suruali ya mumewe, kinyozi hana nafasi ya kuja kupimwa, akamtajia Babu kiuno: thelathini na sita. Akakitaja akiwa tayari mlangoni anatoka. Babu akaandika kwa chaki, akakata, akashona suruali nzuri, mstari umenyooka kama kawaida yake. Thelathini na tisa! Kinyozi kaivaa Jumapili kanisani, kasimama kuimba, suruali ikabaki imekaa. Mtaa mzima unacheka hadi leo. Tungecheka na sisi, lakini haikuwa hiyo tu. Unamuuliza hili anakujibu lile. Mezani hachangii neno, anatazama sahani. Wageni wakija anaenda zake kulala mchana kweupe. Baba yako akasema akili zinamwacha. Kikao cha familia tulikikalia humu sebuleni, mzee mwenyewe yupo anatutazama, wala hakupinga. Kaka akachukua ule mkasi mkubwa, akaufungia kabatini kwake asije akajikata. Cherehani tumeifunika shuka.

Mzee aliyepima viuno vya mtaa huu tangu mimi sijaota meno leo hajui sita na tisa. Anakaa pale kwenye kigoda chake, mikono magotini. Inaniuma, Kipaza. Nilikuwa sitaki ujue ukiwa mbali, ukaacha kazi ukarudi. Sasa umejua.

Kuhusu hiyo kliniki, nimefurahi mpaka nimemkosea mteja rangi ya uzi. Lakini kumwambia baba yako sasa hivi, mwenzangu, hapana. Ana mzigo wa Babu kichwani, nikimwongezea wa kwako atalipuka. Tusubiri.

Shangazi yako


Tarehe 19 Mei

Shangazi!

Shikamoo haraka haraka, salamu kwa wote. Nakuandikia nimesimama kaunta ya posta. Nimejaribu kukupigia simu, lakini nimekumbuka saluni inajaa, na hili sitaki Babu alisikie kwa mke wa kinyozi. Kusikia ndiko hasa ninakotaka kukuambia.

Babu hana tatizo la akili. Babu hasikii.

Sema polepole, peke yako: sita. Tisa. Irabu ni zilezile, i na a. Kinachotofautiana ni s na t, nani katangulia, na hizo ndizo sauti nyembamba zinazompotea mtu kwanza. Anasikia kwamba unaongea, sauti ya mlango anaisikia, cherehani anaisikia, ila meno ya neno hayamfikii. Hapa kliniki kila Jumamosi natajiwa tisa nikisema sita. Na ile ya Februari tuliyoicheka! Ulimuuliza, "Saa ngapi?" Yeye akasikia, "Taa ngapi?" Akakujibu vizuri kabisa: mbili, ila ya barazani imeungua. Je, ya barazani haijaungua?

Fanya hivi. Simama nyuma yake, akiwa hajui, useme kwa sauti yako ya kawaida: sita, tisa, saa, taa, kisu, kitu. Umwombe arudie. Kisha uje mbele yake, penye mwanga wa dirisha, usubiri akutazame usoni, useme maneno yaleyale. Uniandikie siku hiyohiyo.

Na mumrudishie mkasi wake.

Kipaza


Tarehe 27 Mei

Kipaza wangu, mama yangu mdogo,

Marahaba mara nyingi. Taa ya barazani imeungua. Tangu Januari. Hakuna aliyeiangalia.

Nimefanya ulivyosema. Nimesimama nyuma yake nikasema "kisu," akasema, "Kitu gani?" Nikasema "sita," akasema "tisa." Nikasema "saa," akatazama juu kwenye dari. Nikaja mbele, nikamwinamia penye dirisha, nikasema yaleyale, akayarudia yote bila kukosea, kisha akaniuliza kama nimeanza kuumwa.

Nikamkimbilia kaka. Alibisha, unamjua. Akasema atapima mwenyewe, kitaalamu. Akaja na kalamu na karatasi, akampa Babu imla! Baba yako, mwalimu mkuu mzima, anatembea nyuma ya mgongo wa baba yake, "Andika: shati. Andika: tisa." Kisha akaja mbele, akamsomea tena. Akasahihisha karatasi zote mbili kwa kalamu yake nyekundu. Ya kwanza mzee kafeli vibaya. Ya pili kapata zote. Kaka akakaa na karatasi hizo, moja mkono huu, moja mkono huu. Kisha akaenda kwake, akarudi na mkasi kaufunga kwenye gazeti, akauweka mezani mbele ya Babu, akatoka nje.

Tukamuuliza Babu, mbele yake, kwa kutamka: mbona hukusema? Akajibu, "Nilidhani ni nyinyi. Tangu Kipaza aondoke humu ndani hakuna anayefungua mdomo."

Hilo neno limeninyima raha siku tatu, likanikumbusha jambo. Wewe unasema umezaliwa na hilo domo. Uongo mtupu. Ulizaliwa mpole. Mama yako alikuwa na wasiwasi kwamba huongei, na ulipoanza ulikuwa unaongea chinichini hadi tunakuinamia. Halafu mama yako akaanza kazi, ukawa unashinda na Babu, unacheza na vipande vya vitambaa chini ya meza yake. Siku moja nilikuwa mlangoni. Ukamwomba maji. Hakugeuka. Ukamwomba tena. Ukapanda kwenye kigoda, ukamshika kidevu kwa mikono miwili, ukamgeuza uso akutazame, ukamwambia: MAJI. Akaenda kukuletea. Mimi nilicheka, nikawasimulia wote. Tangu siku ile ukawa unaongea hivyo, na mezani ulikuwa unarudia maneno ya kila mtu, kwa nguvu, tunakugombeza, "Wewe, mbona unarudia ya wakubwa?" Tukakuita Kipaza. Hakuna aliyejiuliza kilikuwa kinamtangazia nani.

Kwa hiyo mwambie huyo Bibi Masikio amejibiwa. Aliyekufundisha yupo, na gauni lako lina mkono mmoja tayari.

Na lile la kazi yako nimemwambia kaka, siku hiyohiyo ya imla, nilipoona amelainika. Hakulipuka. Aliuliza tu, "Huko kliniki wanavaa koti jeupe?" Nikamwambia wanavaa. Akasema atamleta Babu mwenyewe mwezi ujao, na ataona kwa macho yake. Jiandae.

Shangazi yako anayekupenda


Tarehe 30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa upweke wa hizo siku mbili. Wasafiri wako wamefika huko salama, naamini, na wameshakueleza. Lakini Baba anasimulia kama anasoma taarifa ya shule, kwa hiyo na mimi nikueleze.

Gauni limenikaa. Babu hakunipima tena, mikono aliikata kwa kumbukumbu, na bado limenikaa. Nimelivaa masjala siku ya kuaga. Ndiyo, nimeaga. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeiandika nikaificha chini ya godoro, naogopa. Baba, jioni ile ya kwanza, tumekaa chumbani kwangu, yeye kwenye kiti pekee nilichonacho, akasema huku anafuta miwani, "Barua ya kuacha kazi umeshaiandika?" Nikasema nimeiandika. "Ilete niisahihishe."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Anasafiri nayo! Akasoma polepole. Akaniambia, "Umeomba samahani kila mstari. Moja inatosha." Akazikata zote, akabakisha ile ya mwisho, akaitazama, akaikata nayo. Chini kabisa akaandika kama kwenye daftari la mwanafunzi: Vizuri. Inaweza kwenda. Nilimpelekea mkuu wa masjala nakala safi. Akaisoma, akanishika mkono, akaniambia, "Nitakukumbuka, binti," na aliyasema kwa sauti, Shangazi, mpaka watu wakageuka.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mchana kabla ya jioni ile ya kwanza, kwenye chumba cha sponji. Hilo ndilo nililotaka kumalizia nalo.

Babu alikuwa amevaa koti lake la harusi. Bibi Masikio akampima, akamvalisha mashine, moja kila sikio, ndogo kama punje za maharagwe. Baba alikuwa kasimama kwenye kona, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Bibi Masikio akanipa karatasi ya maneno, akaniambia nisimame nyuma ya Babu, nisome kwa sauti ya kawaida tu, yeye anarekebisha. Nikasoma, "Sita." Babu akasema, "Sita." Nikasoma, "Tisa." Akasema, "Tisa." Nikaiweka karatasi pembeni, nikasema, "Thelathini na sita." Babu akapiga goti lake kwa kiganja: "Alaa! Kumbe ndiyo ile suruali!"

Nikasahau masharti. Nikazunguka mbele yake, nikamshika kidevu, nikamwambia kama nilivyomwambia maisha yangu yote, "BABU, UNANISIKIA?"

Akaruka. Akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akanitazama kama mtu aliyenigundua leo, akasema, "Mjukuu wangu, punguza sauti."

Baba alianza kucheka kule kwenye kona, akavua miwani, kisha haikuwa kicheko tena, akatugeuzia mgongo akasoma bango la ukutani kwa muda mrefu. Mimi nilisimama pale na kidevu cha Babu mikononi. Mtu pekee ambaye hakuwahi kuniambia, ameniambia.

Basi nikapunguza, Shangazi. Nikamuuliza tena, chinichini, kama unavyosema nilikuwa naongea nilipokuwa mdogo. Akasema, "Nakusikia." Na koo halikuniuma hata kidogo.

Mwanao,
Kipaza